Madaraja Matatu ya 1967

Katika mji mdogo wa Point Pleasant, jimbo la West Virginia kule Marekani, kuna sanamu ya chuma ya kiumbe mwenye mabawa ya nondo na macho mekundu. Jina lake ni Mothman. Kuanzia Novemba 1966 wakazi wa pale walisimulia kwamba wamemwona usiku, mrefu kuliko mtu, akiruka juu ya magari yao. Leo ana tamasha lake kila mwaka, na mwaka 2002 alipata filamu ya Hollywood, staa akiwa Richard Gere. Kama umewahi kulisikia jina Point Pleasant, kuna uwezekano mkubwa ulilisikia kwa sababu ya jini hili.

Mimi pia nilianzia kwa jini. Nilikuwa nasoma hadithi za kutisha kwa simu, usiku, bando ikielekea kuisha, nikafika mahali wanaposema Mothman alikuja kuwaonya watu kuhusu daraja. Nikamwacha jini nikafuata daraja. Kumbe hadithi ya kutisha ilikuwa huko.

Daraja lenyewe liliitwa Silver Bridge kwa sababu ya rangi yake ya fedha. Lilifunguliwa mwaka 1928, likivuka Mto Ohio. Tarehe 15 Desemba 1967, mwendo wa saa kumi na moja jioni, watu walikuwa wakitoka kazini na wengine wakirudi na manunuzi ya Krismasi, na foleni ya magari ikawa imejaa juu ya daraja. Lote likaanguka mtoni kwa muda usiofika dakika moja. Watu 46 walikufa. Miili ya wawili haikupatikana hadi leo.

Wachunguzi walivitoa vyuma majini kimoja kimoja, wakavipanga upya kwenye uwanja kama fumbo la watoto. Daraja lilikuwa limening'inia kwa minyororo ya fito za chuma. Kila ufito ulikuwa na tundu kichwani, na pini iliupitia kuushikanisha na wenzake. Madaraja mengine ya aina hiyo yaliwekewa fito nne au zaidi kwa kila pingili. Hili lilikuwa na mbili tu. Ndani ya tundu la ufito mmoja, kutu na mvutano wa karibu miaka 40 vilikuwa vimetengeneza ufa wenye kina cha milimita 2.5 hivi. Panga kadi tatu za benki, moja juu ya nyingine. Ni kama hapo. Ufito ukakatika, mwenzake akazidiwa, pini ikachomoka, na kwa sababu kila kitu kilishikiliwa na kile kilicho kando yake, kila kitu kikaenda.

Wazee wetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali nzuri, ila inachukulia kwamba ufa umeuona. Ule wa Point Pleasant ulikuwa ndani ya kiungo, na kwa vifaa vya wakati ule usingeuona bila kukifungua, na kukifungua ni kuliangusha daraja. Juu zaidi kwenye mto huo huo kulikuwa na daraja pacha, St. Marys. Lilifungwa mara moja, na mwaka 1971 likabomolewa. Hakukuwa na njia ya kuhakikisha kwamba nalo halina ufa wake.

* * *

Mwaka huo wa 1967 una jambo lingine. Silver Bridge lilipokuwa likielekea kufa, madaraja mengine mawili yalikuwa yanazaliwa. Moja lilifunguliwa Minneapolis, Marekani, kubeba barabara kuu ya I-35W juu ya Mto Mississippi. Jingine lilifunguliwa Genoa, Italia, likasifiwa dunia nzima kwa urembo wake, na watu wakaliita kwa jina la mhandisi aliyelichora, Riccardo Morandi. Yote mawili yalikuja kuanguka na watu juu yake, la Minneapolis mwaka 2007 na la Genoa mwaka 2018.

Nimekuwa nikiyapanga haya matatu pamoja kwa sababu kuna teknolojia moja ambayo siku hizi inatajwa kama jibu kwa yote. Ni skana ya leza, mashine inayolipima daraja lote kwa mwanga. Mimi si injinia, na chuo chenyewe sikukimaliza, lakini historia yoyote anayeweza kusoma anaweza kuifuata. Na ukiifuata hii utaona kwamba leza ina jibu kwa daraja moja kati ya matatu. Hilo moja si dogo. Lakini ni vizuri kujua ni lipi, kabla mtu hajakuuzia mashine kwa bei ya matatu.

* * *

Kwanza tuone watu walikuwa wanakagua madaraja vipi.

Kwa macho, na kwa nyundo. Mkaguzi anagonga chuma au zege na kusikiliza. Sauti kavu na kali ni afya. Sauti ya mtungi mtupu ni hatari. Anapanda kwa ngazi au kamba, anachungulia kwa tochi, anaandika kwenye daftari. Kabla ya Silver Bridge, Marekani haikuwa hata na sheria moja ya nchi nzima kuhusu nani akague nini na lini. Kila jimbo lilijipangia. Sheria ilipitishwa mwaka 1968, na kufikia 1971 kukawa na kanuni kwamba kila daraja la barabara ya umma likaguliwe angalau mara moja kila miaka miwili. Leo orodha yao ina madaraja zaidi ya 600,000.

Kanuni hiyo iliokoa watu, sina shaka. Lakini jicho ni jicho. Mwaka 2001 idara ya barabara kuu ya serikali ya Marekani ilichapisha utafiti ambao ningependa usomwe na kila mtu anayeamini neno "imekaguliwa". Walichukua wakaguzi 49 kutoka majimbo 25, watu wenye kazi hiyo hasa, wakawapeleka kwenye madaraja yale yale. Kila mmoja alitakiwa kuipa kila sehemu kuu alama kati ya 0 na 9. Kwa wastani, sehemu moja ya daraja ilipata alama nne au tano tofauti. Yaani daraja ni moja, siku ni zile zile, wataalamu ni wale wale, na bado mmoja anasema liko sawa na mwingine anasema linadhoofika.

Usiwacheke. Jaribu kuangalia ukuta wa nyumba yenu na useme kama umeinama kuliko mwaka jana. Jicho halina kumbukumbu ya milimita.

* * *

Leza yenyewe ilizaliwa tarehe 16 Mei 1960, California, kwenye maabara ambapo Theodore Maiman alifanikiwa kutoa mwanga wa aina hiyo kutoka kwa kipande cha rubi. Siku hizo watu walitania kwamba hili ni suluhisho linalotafuta tatizo. Halikutafuta sana. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha kifaa chenye vioo juu ya mwezi, na wanasayansi wakaanza kurusha leza kutoka duniani, kupokea mwanga unaorudi, na kupiga hesabu ya umbali. Fikiria hapo kidogo. Binadamu alianza kuupima mwezi kwa mwanga wakati madaraja ya duniani bado yanagongwa kwa nyundo.

Kazi ni ile ile hadi leo. Mashine inarusha mwanga, mwanga unagonga kitu, unarudi, saa inasoma muda uliopita. Kwa kuwa kasi ya mwanga inajulikana, muda unageuka umbali. Tatizo ni saa. Nguzo ikiwa mita 15 mbele yako, mwanga unaenda na kurudi kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Ukitaka kutofautisha milimita moja, saa yako lazima itofautishe takriban sehemu saba za trilioni za sekunde. Mashine nyingine zinakwepa ugumu huo kwa kutuma mwanga wenye mawimbi na kulinganisha wimbi lililoondoka na lililorudi, lakini lengo ni moja.

Aliyeifanya teknolojia hii itoke maabara na kuingia mtaani ni mtu wa Mosul. Ben Kacyra alizaliwa Iraq, na amesimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimpeleka utotoni kuona magofu ya Ninawi. Akaenda Marekani, akawa mhandisi, na katika miaka ya 1990 kampuni yake ya Cyra ikatengeneza skana inayobebeka, ya kuwekwa juu ya miguu mitatu kama kamera. Soko alilolenga lilikuwa viwanda na mitambo, kule ambako michoro ya zamani haifanani tena na kilichojengwa. Mwaka 2001 kampuni ikauzwa. Mwaka huo huo Taliban walilipua sanamu kubwa za Buddha kule Bamiyan, Afghanistan, na mwaka 2003 Kacyra akaanzisha shirika la CyArk ili kupima urithi wa dunia kabla haujapotea.

Hapa hadithi inafika kwetu. Kati ya mahali palipopimwa ni makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, jumba kuu la makaburi hayo, lenye paa lile kubwa la nyasi, liliteketea kwa moto. Nyumba ikaisha, lakini umbo lake lilikuwa limeshahifadhiwa, na kazi ya kujenga upya ikawa na kitu cha kutazama zaidi ya picha na kumbukumbu za wazee.

Sijaliacha somo la madaraja. Kilichotokea Kasubi ndicho kinachoeleza thamani ya leza kuliko brosha yoyote. Kipimo kinakuwa na faida kwa sababu kilichukuliwa kabla. Baada ya moto, hakuna skana ya bei yoyote ingeweza kupima paa lile.

* * *

Niliwahi kuona kazi hii kwa macho yangu. Jamaa mmoja ninayemjua ni mpimaji, na siku moja alinifungulia kompyuta yake kunionyesha daraja dogo la barabara walilokuwa wamelipima. Kwenye skrini lilionekana kama mzuka wa daraja. Halikuwa picha. Lilikuwa nukta, mamilioni ya nukta, kila moja na mahali pake kamili kwenye nafasi: kulia, juu, mbele. Wao huliita wingu la nukta. Ukilizungusha unaona chini ya daraja, unapita katikati ya nguzo, unasimama mahali ambapo binadamu hawezi kusimama. Nikamuuliza mashine inapata nukta ngapi. Akasema za sasa zinafika milioni moja kwa sekunde, nyingine mbili. Nikamuuliza kama basi kazi imekuwa rahisi. Akacheka, akasema kazi ngumu ni kukaa hapa na kompyuta.

Akanieleza. Skana haioni kilicho nyuma ya nguzo, kwa hivyo unaihamisha mara kumi, mara ishirini, kila mara ukiacha alama zinazoonekana kutoka sehemu mbili, ili baadaye programu iyaunganishe mawingu yote kuwa moja. Ukikosea kuunganisha, daraja litapinda kwenye kompyuta na kumbe nje limenyooka. Mvua inaharibu. Chuma kinachong'aa kinautawanya mwanga ovyo, na kilicholowa au cheusi kinarudisha mwanga hafifu. Hata siku nzuri kuna kosa la milimita chache. Kwa hivyo ukipima mwaka huu, ukarudi mwaka ujao, na tofauti ikawa milimita mbili, huwezi kupiga kelele. Huenda ni daraja, huenda ni mashine, huenda ni jua tu, maana chuma hutanuka kwa joto. Tofauti ikiwa milimita 12, hapo unashtuka.

Hiyo ndiyo kazi ya kufuatilia. Unaweka wingu la zamani na wingu jipya mahali pamoja, na programu inapaka rangi. Kijani ni mahali ambapo hakuna kilichobadilika. Kadiri rangi inavyoelekea nyekundu, ndivyo daraja lilivyosogea kutoka pale ulipoliacha.

* * *

Sasa twende Minneapolis.

Tarehe 1 Agosti 2007, saa kumi na mbili na dakika tano jioni, tena saa ya foleni, daraja la I-35W lilianguka ndani ya Mississippi. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa. Magari 111 yalikuwa juu ya sehemu iliyoanguka, likiwemo basi la watoto ambalo lilisimama likiegemea ukingo wa barabara na wote waliokuwemo wakatoka hai.

Daraja hili halikuwa limesahaulika. Lilikuwa likikaguliwa kila mwaka tangu 1993, mara mbili zaidi ya kanuni inavyodai. Walijua lina kutu, walijua lina nyufa za uchovu wa chuma, walikuwa na wataalamu wa kulichambua. Lakini kilichoua hakikuwa kutu wala nyufa.

Daraja lilikuwa fremu ya vyuma vingi vilivyokutana kwenye viungo, na kila kiungo kilishikwa na mabamba mawili ya chuma, moja kila upande, kama sandwichi. Kwenye viungo kadhaa mabamba hayo yalikuwa na unene wa nusu inchi, takriban milimita 13. Hesabu sahihi ingetaka unene wa karibu mara mbili. Kosa lilifanywa mezani, miaka ya 1960, kabla hata chuma hakijakatwa, na halikukamatwa. Daraja likalibeba kosa hilo kwa miaka 40. Mwaka 1977 likaongezewa tabaka la zege. Mwaka 1998 likaongezewa kuta za pembeni. Siku ya mwisho wakarabati walikuwa wameweka juu yake mchanga, kokoto, maji na mashine, jumla takriban tani 260, karibu kabisa na kiungo kimoja dhaifu.

Baada ya ajali wachunguzi walipekua mafaili. Humo wakakuta picha zilizopigwa mwaka 2003, miaka minne kabla. Zinaonyesha mabamba ya kiungo kile kile. Mabamba yamepinda.

Nimezitazama picha hizo mara nyingi. Huhitaji shahada. Ukingo wa bamba unaopaswa kuwa mstari ulionyooka umejikunja kama kifuniko cha sufuria kilichoanguka sakafuni. Mtu alisimama pale na kamera, akapiga, akaenda zake. Picha ikaingia kwenye faili. Faili likaingia kwenye kabati.

Ningeweza kuwasema wakaguzi vibaya, ila bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ililaumu mazoea ya sekta nzima. Kote nchini, kwenye ukaguzi, mabamba ya viungo hayakuwa yakiangaliwa vya kutosha kama yamepinda, na wakati wa kukokotoa uzito ambao daraja linaweza kubeba, mabamba hayo hayakuhesabiwa kabisa. Kila mtu alichukulia kwamba kiungo ni imara kuliko vyuma kinavyoviunganisha. Ukishaamini hivyo, bamba lililopinda linaonekana kama kasoro ya kiwandani, kitu kilichokuwepo tangu zamani.

Na huenda lilikuwepo tangu zamani. Hilo ndilo swali ambalo picha haikuweza kujibu. Lilipinda lini? Kwa kiasi gani? Linaendelea kupinda? Baada ya ajali wataalamu walilazimika kukadiria mpindo huo kwa kutumia picha zenyewe, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelipima bamba lenyewe.

Hapa ndipo leza ina neno la kusema. Bamba linapaswa kuwa bapa, na ubapa ni kitu ambacho wingu la nukta linapima vizuri sana. Programu inachora bapa kamilifu, inalinganisha, inasema: hapa katikati umetoka kwa milimita kadhaa. Haijali kama kitabu cha mafunzo kinataja mabamba au hakitaji. Inapima kila kitu kinachoonekana, hata ambacho mkaguzi hakuja kukitafuta. Na mwaka ujao itapima tena, na kama namba imekua, namba hiyo itasimama kwenye ripoti ikidai majibu. Sisemi leza ingeokoa wale watu 13. Kosa lilikuwa la hesabu, na lazima mtu angerudi kwenye hesabu. Lakini angalau angekuwa na sababu ya kurudi.

* * *

Daraja la tatu linatunyamazisha.

Riccardo Morandi alishikilia daraja lake la Genoa kwa nyaya za chuma zilizovikwa zege. Wazo lilikuwa zege liulinde waya dhidi ya hewa. Lakini Genoa ni bandari yenye chumvi baharini na moshi viwandani, na kufikia mwaka 1979 Morandi mwenyewe alikuwa ameandika kuonya kwamba zege linaliwa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Miaka ya 1990 mapema, nyaya za mnara mmoja ziliimarishwa kwa nyaya mpya za nje. Minara mingine haikuimarishwa kwa kiwango hicho. Tarehe 14 Agosti 2018, mvua ikinyesha, mnara ambao haukuwa umeimarishwa ulianguka na kipande cha barabara cha mita 200 hivi. Watu 43 walikufa.

Leza ingeona nini pale? Ingeona zege. Ingelipima zege kwa milimita, kila pembe, kila doa, nukta milioni kwa sekunde, na ndani chuma kingeendelea kuoza taratibu bila kusukuma chochote nje. Ni kama ufa wa Silver Bridge uliofichwa ndani ya tundu. Mwanga unaishia kwenye ngozi. Kwa kilicho ndani kuna njia nyingine, kama mawimbi ya sauti, miale na sumaku, na kila moja ina mipaka yake. Daraja jipya la Genoa, lililochorwa na Renzo Piano na kufunguliwa Agosti 2020, limewekewa roboti zinazotembea kando yake zikilikagua. Sawa. Lakini waliokuwa na onyo la Morandi mkononi walikuwa na karibu miaka 40 ya kulifanyia kazi.

Kwa hivyo hesabu ndiyo hiyo: ufa uliofichwa, leza haioni, kutu iliyofichwa, leza haioni, bamba lililopinda mbele ya kamera, leza inaliona na inalitia namba. Moja kati ya matatu.

* * *

Nikiyasema haya kwa marafiki, swali la kwanza huwa: na sisi?

Mkenya akisikia daraja limeanguka, anakumbuka Sigiri. Juni 2017, kule Budalang'i, daraja jipya juu ya Mto Nzoia lilianguka kabla hata halijakamilika, wiki chache tu baada ya Rais wa wakati huo kulitembelea na kamera zote zikiwa naye. Tangu hapo sikubali kwamba upya wa daraja ni dalili ya afya. La Minneapolis pia lilizaliwa na ugonjwa.

Lakini muuaji wa kwetu mara nyingi ni maji. Januari 1993, treni ya abiria kati ya Mombasa na Nairobi ilitumbukia kwenye Mto Ngai Ndethya uliokuwa umefurika, baada ya mafuriko kulidhoofisha daraja la reli. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mto ukijaa huchimba udongo chini ya nguzo, na juu daraja linaweza kuonekana halina shida yoyote. Marekani ilijifunza hivyo Aprili 1987, daraja la Schoharie Creek katika jimbo la New York lilipoanguka likiwa limechimbwa msingi na kuua watu 10. Leza ya kawaida haipenyi maji ya mto yenye matope. Huko inatakiwa sona, inayotumia sauti, au mtu wa kuzamia. Leza inaweza kukuambia nguzo imezama kidogo au imeinama, na hiyo ni habari kubwa, ila wakati huo mto umeshaanza kazi.

Ndiyo maana ninapopita chini ya barabara ya Expressway pale Mombasa Road, matatu ikiwa imekwama na kondakta akibishana na abiria kuhusu chenji, huwa naangalia juu. Barabara ile ina kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, sehemu yake ikiwa imeinuliwa juu ya nguzo, na ilifunguliwa mwaka 2022. Reli ya SGR inayopita juu ya mbuga ya Nairobi na kuvuka Tsavo ni ya miaka ya 2010. Haya ni madaraja bado machanga. Yako pale ambapo la Minneapolis lilikuwa miaka ya 1970, pale la Genoa lilipokuwa likipigwa picha kwa postikadi.

Umri huo ndio wa kuchukua kipimo cha kwanza. Ukisubiri hadi daraja lianze kutia wasiwasi, wingu lako la kwanza litakuwa la daraja lililopinda tayari, na hutajua lilipinda lini. Kipimo kimoja hakina maana kubwa. Viwili vina maana. Vikiwa kumi, kwa miaka ishirini, vikihifadhiwa mahali panapojulikana, hiyo ni kumbukumbu ambayo hakuna mkaguzi anayeweza kustaafu nayo. Na vikiwa wazi kwa umma, mwanafunzi yeyote wa uhandisi pale Juja au Eldoret anaweza kuviweka viwili mahali pamoja na kuangalia wapi pamekuwa pekundu.

Hatutakuwa na uhaba wa mashine. Bei zinashuka, droni zinazibeba, hata simu kadhaa za bei ghali siku hizi zina leza ndogo nyuma. Uhaba utakuwa wa mtu wa kufungua faili. Minneapolis walikuwa na picha, Genoa walikuwa na onyo la maandishi la mchoraji mwenyewe.

Basi ukiona watu wamevaa makoti ya kung'aa chini ya daraja la mtaani kwenu, na kifaa kinazunguka juu ya miguu mitatu, usipite tu. Waulize wanapima nini, na kama kuna mtu aliwahi kupima hapo kabla yao. Wakisema ndiyo, uliza walilinganisha wakapata nini. Ni swali ambalo mtu yeyote anayevuka daraja ana haki ya kuliuliza.